Kuzuia tope lisifike lamboni: mwongozo kamili kwa vijiji vya Dodoma, kuanzia kilimani hadi majini

Mvua za kwanza Dodoma huikuta ardhi iko uchi. Miezi yote ya kiangazi mifugo imemaliza mabua, moto umepita hapa na pale, na kwato zimesaga udongo wa juu ukawa vumbi. Kisha mwishoni mwa Novemba au Desemba inashuka mvua kubwa ya nusu saa, na kila kilicholegea kinaondoka kuelekea bondeni. Lambo lililokuwa limekauka linaanza kujaa, watu wanashukuru, na wana haki ya kushukuru. Lakini maji yenyewe yana rangi ya chai ya maziwa, yamebeba kinyesi cha mifugo na cha watu, na tope lake litabaki pale pale mwaka hata mwaka hadi lambo ligeuke uwanja.

Jambo hili limepimwa hapa hapa kwetu. Kwenye vipande vya majaribio vya Mpwapwa, miaka ya 1930, ardhi iliyoachwa tupu ilipoteza karibu nusu ya mvua iliyoinyeshea, na zaidi ya tani 140 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Shamba la uwele lilipoteza robo hivi ya maji. Penye majani ya kutosha, maji yaliyokimbia hayakufika asilimia 2, na udongo karibu haukuondoka kabisa. Mwaka 1972 mtafiti Anders Rapp na wenzake walichapisha vipimo vya mabonde manne ya karibu na mji: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Walionyesha jinsi mabwawa yanavyojazwa tope kutoka mashambani na malishoni kwa kasi inayotisha. Bwawa la Ikowa lilikuwa limejengwa mwaka 1957 tu.

Vijiji vingi huanza kazi pale pale lamboni: wanachimba tope, wanaongeza kina, wanaweka mawe mdomoni. Mimi nasema kazi ianzie juu. Chota maji ya mafuriko kwenye chupa ya plastiki angavu, uiache imesimama kivulini, utaiona sababu. Mchanga unatua ndani ya dakika moja. Chembe laini zinatua baada ya saa moja au zaidi. Ule mfinyanzi mwembamba kabisa utaukuta unaelea kesho, na keshokutwa. Mfinyanzi ukishaingia majini, hakuna shimo la kutuliza tope la kijiji litakaloutoa. Na ndio huo unaobeba mbolea inayootesha ukijani juu ya maji, ndio unaovificha vijidudu dawa ya klorini isivifikie. Njia pekee ni kuuzuia usiondoke shambani.

Kwanza: fuata tope hadi linakotoka

Kazi hii ifanywe mvua inaponyesha au mara tu baada ya kukatika, maana wakati wa kiangazi kila mfereji unaonekana hauna kosa. Anzieni lamboni, mpande juu. Kila mnapokuta mikondo miwili imekutana, choteni chupa moja kila upande na kuiandika alama. Ule wenye maji mazito zaidi ndio wa kuufuata kwanza. Mkifika juu mtakuwa na safu ya chupa inayosema wazi tope linatoka kwa nani na kwa nini, na hapo ubishi unapungua.

Mara nyingi si shamba peke yake. Mtakuta njia ya ng'ombe inayoshuka moja kwa moja kwenye maji, imechimbika hadi magotini. Mtakuta barabara ya vumbi ambayo kalavati lake linamwaga maji yote ya mtaa kwenye shamba la mtu mmoja, na hapo korongo jipya limeanza. Mtakuta shamba lililolimwa kwa trekta kutoka juu kwenda chini, kila mfuo ukiwa mfereji. Chora ramani, hata ya mkono kwenye daftari: mikondo, mashamba, njia, makorongo, chanzo cha maji. Ramani hiyo ndiyo mtakayoipeleka kwenye mkutano wa kijiji, kwa sababu wenye mashamba ya juu wataombwa kufanya kazi ambayo faida yake ya kwanza inaonekana kwa watu wa chini. Waambieni ukweli huo, kisha waonyesheni faida yao: maji yaliyozuiwa shambani ni mtama uliobeba, hata mvua ikichelewa wiki mbili.

Sheria nayo ipo upande wenu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zinazoweza kuharibu chanzo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Wekeni vigingi vya mita 60 mapema, kabla msimu wa kulima haujaanza na watu hawajatia mbegu.

Kupima kontua kwa fremu A

Kontua ni mstari unaokingama mteremko bila kupanda wala kushuka. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kingamaji, yaani mtaro na tuta lake la kuzuia maji shambani, likichimbwa kwa kukadiria kwa macho linakuwa mfereji wenye mteremko. Linakusanya maji ya shamba zima na kuyamwaga mahali pamoja, na mahali pale panakuwa korongo. Bora usichimbe kabisa kuliko kuchimba bila kupima.

Kifaa chenyewe ni cha bei ya kamba. Tafuta fito mbili zilizonyooka za mita 2 hivi, zifunge juu kwa nguvu, tandaza miguu ifike karibu mita 2, kisha funga ufito wa tatu katikati kama mkono wa herufi A. Kutoka kileleni ning'iniza timazi: uzi wenye jiwe au chupa ndogo yenye mchanga, upite mbele ya ule ufito wa kati. Simamisha fremu, weka alama mguu ulipokanyaga kulia na kushoto, subiri uzi utulie, kata alama ya kisu pale unapogusa ufito. Sasa geuza fremu: mguu wa kulia ukanyage alama ya kushoto, wa kushoto ukanyage ya kulia. Kata alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa, pakate alama nene. Upepo wa Dodoma husumbua uzi, kwa hiyo fanya kazi asubuhi mapema. Kama fundi wa kijiji ana pima maji, ifunge kwenye ufito wa kati, nayo inafaa.

Anza juu kabisa ya shamba. Piga kigingi mguu wa kwanza, zungusha mguu wa pili mbele na nyuma hadi uzi utulie kwenye alama nene, piga kigingi, endelea. Ukimaliza mstari, simama pembeni uutazame: kigingi kimoja kimoja kilichoruka juu au chini kisogeze kidogo mstari uwe laini, lakini usiunyooshe. Kontua hufuata umbo la ardhi. Mwenye trekta atalalamika. Mweleze.

Makinga maji ya shambani

Kwenye mteremko wa asilimia 5, yaani ardhi inashuka mita 5 kila mita 100, acha kama mita 20 kati ya kingamaji na kingamaji. Kwenye asilimia 10, mita 13 au 14. Mtaro uwe na upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Ukitupa udongo upande wa juu wa mtaro, hiyo ni fanya juu: polepole udongo unaoshuka unajaa nyuma ya tuta na shamba linakuwa ngazi. Ukitupa upande wa chini, ni fanya chini, ambayo ni rahisi zaidi kwa mgongo na inatosha penye mteremko mdogo. Kati ya mtaro na tuta acha ukingo wa sentimita 20 au 30 usioguswa, udongo usirudi shimoni. Na ndani ya mtaro, kila baada ya mita 5 au zaidi kidogo, acha kizuizi cha udongo kisichochimbwa, kifupi kuliko ukingo, ili maji yakae yalipo na yasikimbie kando.

Je, mtaro huo unatosha? Piga hesabu. Mita moja ya mtaro wa 60 kwa 60 inabeba lita 360. Juu yake kuna kipande cha shamba cha mita 20. Mvua ya milimita 30 ikinyesha na nusu yake ikakimbia, kama ardhi tupu ya Mpwapwa, zinashuka lita 300. Mtaro umezimeza. Ikinyesha milimita 50, zinashuka lita 500, na mtaro umezidiwa. Kwa hiyo kila kingamaji linahitaji mahali palipopangwa pa kufurikia, penye majani mazito au mwamba, na kamwe pasiwe kwenye njia ya ng'ombe. Na kwa hiyo pia mtaro peke yake hautoshi. Ukifunika ardhi kiasi kwamba robo tu ya mvua inakimbia, zile milimita 50 zinakuwa lita 250, na hakuna kinachofurika.

Juu ya tuta panda majani mara mvua inapoanza. Vetiva hufanya vizuri ukiipata, na mabingobingo ni chakula cha ng'ombe penye unyevu. Penye ukame mkali mkonge hausumbuki. Tuta lililoachwa bila kitu huliwa na mvua ile ile lililojengwa kuizuia.

Kama shamba lina kilima juu yake, chimba kwanza mtaro wa kukatia maji mpakani, wenye mteremko mdogo sana, mita moja kila mita 200, uyapeleke maji ya kilimani pembeni kwenye majani. Usipofanya hivyo, kingamaji la kwanza litabeba maji ambayo hukuyahesabu, litapasuka, na likipasuka la juu yanapasuka yote ya chini yake kwa mpigo.

Wakati wa kuchimba? Mei na Juni, baada ya mavuno, udongo ukiwa na unyevu bado. Ukisubiri Oktoba, ni kazi ya sururu.

Kufunika ardhi: mabua na visiki

Mabua ya mtama na alizeti yana wagombea wengi: ng'ombe, jiko, na udongo. Sitakuambia uyaache yote shambani, maana najua Septemba inavyokuwa kwa mwenye mifugo. Acha sehemu, na hiyo sehemu ilaze kwa mistari inayofuata kontua, si kutawanya ovyo. Usiyachome. Matuta ya kupandia yakingame mteremko, na kati ya tuta na tuta funga vizuizi vidogo ili kila kisehemu kishike maji yake.

Malishoni na kwenye vilima, miti ya kupanda hufa kwa mbuzi na jua. Miti ambayo tayari ipo chini ya ardhi haifi kirahisi hivyo. Kisiki Hai, njia ambayo taasisi ya LEAD Foundation imekuwa ikiieneza vijijini Dodoma, ni kazi ya panga na macho: chagua kisiki kinachochipua, bakiza machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu, kata mengine, pogoa matawi ya chini ya yale uliyobakiza, funga kitambaa ili kila anayepita ajue kina mwenyewe, na uendelee kupogoa. Mizizi ina umri wa miaka mingi, kwa hiyo machipukizi hukua kwa kasi ambayo mche wa kitalu hauiwezi.

Kuhusu mifugo, Kondoa ina historia yake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani na vichaka vilirudi, na ushahidi wake unaonekana kwenye vilima vya Irangi. Lakini familia zilizohamisha ng'ombe wao zililipa gharama kubwa mno. Naona funzo la kuchukua pale ni kwamba ardhi hupona ikipumzishwa, na kwamba kupumzisha kwa zamu, kipande baada ya kipande, kwa makubaliano ya wafugaji wenyewe na sheria ndogo za kijiji, ndiyo njia ambayo watu wataifuata bila kulazimishwa.

Barabara, njia za ng'ombe na viwanja vya ujenzi

Njia inayoshuka moja kwa moja ikatwe kila baada ya mita 20 au 30 kwa tuta dogo la mshazari linalochepusha maji kwenye majani ya pembeni. Maji machache yakitolewa mara nyingi hayana madhara. Maji mengi yakitolewa mara moja yanachimba. Barabara ikiwa ya wilaya, andikeni barua kabla greda halijapita, maana likishapita mifereji inakuwa imeshaelekezwa.

Mjini, viwanja vipya vinavyosafishwa kwa katapila kuanzia Nala hadi Ihumwa vinatoa tope lake. Safisha sehemu unayojenga sasa tu. Acha ukanda wa majani upande wa chini wa kiwanja. Lundo la mchanga au kifusi lisiwekwe kwenye mfereji wa barabara hata kwa usiku mmoja. Lizungushie mifuko ya mchanga au lifunike kwa turubai.

Korongo

Korongo hukua kwa kichwa. Pale juu maji yanapodondoka, ukuta unabomoka na korongo linasogea mbele, kuelekea shamba la mtu. Kwa hiyo kabla ya jiwe hata moja kuwekwa, yachepusheni maji yasifike kwenye kichwa hicho, kwa tuta la mshazari lililochimbwa mita kadhaa juu yake.

Ndipo vijengwe vizuizi vya mawe ndani ya korongo. Vingi ninavyoviona vimejengwa kama ukuta wa nyumba, juu pamenyooka, pembeni pamegusa tu udongo. Mvua ya kwanza maji yanazunguka ubavuni, yanachimba ukingo, na korongo linapanuka kuliko mwanzo, huku ukuta umesimama katikati bila kazi. Kizuizi sahihi kina mambo manne. Kimechimbiwa kwenye kingo zote mbili na chini, angalau sentimita 50. Katikati pamebonyea kuliko pembeni, ili maji yapite katikati. Upande wa chini yametandazwa mawe ambapo maji yanadondokea, yasichimbe msingi. Na ni kifupi, kisizidi mita moja, mawe makubwa chini na pembeni, madogo yakijaza nafasi.

Nafasi kati ya vizuizi haikadiriwi: mguu wa kizuizi cha juu uwe usawa na pale maji yanapopita kwenye kizuizi cha chini. Kwa korongo linaloshuka asilimia 10 na vizuizi vya nusu mita, hiyo ni kila mita 5. Ni vingi, ndiyo. Vikijaa udongo, pandeni humo mkonge, minyaa na majani. Takataka na matairi msivitupe humo, yataishia lamboni.

Lambo lenyewe

Sasa tumefika majini. Pale mkondo unapoingia, acheni ukanda wa majani yasiyolimwa wala kulishwa, na mita chache juu ya mdomo chimbeni shimo pana la kutuliza tope lenye kizingiti cha mawe. Litakamata mchanga, mfinyanzi litaupitisha, kwa hiyo msilitegemee kupita kiasi. Lisafishwe kila kiangazi, na tope lake lipelekwe shambani, maana ni udongo wa juu wenye rutuba. Likiachwa kingoni litarudi kwa mvua ijayo.

Zungushieni lambo uzio wa minyaa na miiba. Ng'ombe wanywe kwenye mbauti, yaani birika la kunyweshea, iliyojengwa chini ya tuta la bwawa, ikilishwa kwa bomba, na watu wateke mahali pao. Ng'ombe aliyesimama majini anakoroga tope lililotua na kuongeza la kwake. Utoro wa maji, pale yanapotokea lambo likijaa, uwe mpana na wenye majani, usilimwe, usipitishe njia. Tuta la bwawa likipitwa na maji juu, limekwisha.

Mito ya mchanga, ile ambayo kiangazi hukauka juu ukabaki mchanga, ina kanuni tofauti kidogo. Mchanga mnene ndio tangi lenyewe: maji yanakaa kati ya chembe zake kiangazi chote, yamefunikwa, jua haliyafikii. Adui pale ni mfinyanzi unaoziba nafasi hizo, na malori yanayozoa mchanga karibu na visima.

Kwa maji ya kunywa wakati kazi hii haijazaa matunda: yatulize kwenye ndoo usiku kucha, mimina ya juu taratibu, chuja kwa kitambaa safi, kisha chemsha au tia klorini kwa kipimo cha pakiti. Mbegu za mlonge husaidia kuangusha tope: menya, twanga, kwa maji yenye tope jingi mbegu moja kwa lita, koroga haraka dakika moja, kisha polepole dakika 5 hadi 10, acha saa moja au mbili. Bado lazima uchemshe.

Ukaguzi

Baada ya mvua kubwa ya kwanza, siku ile ile, watu wawili watembee kila kingamaji na beleshi mkononi. Ufa wa kiganja unazibwa kwa dakika tano, ukiachwa hadi mvua ya tatu unahitaji kijiji kizima. Simikeni lamboni nguzo yenye alama za sentimita, muandike kila kiangazi tope limepanda hadi alama ipi. Na chupa zile za mwanzo zichoteni tena kila mwaka, mikondo ile ile, wakati wa mvua za kwanza, mziweke mezani kwenye mkutano wa kijiji. Mkondo ambao chupa yake haijabadilika ndio wa kurudiwa Mei.